Mbio kati ya mashimo ya zamani: Massa Marittima, mji wa wachimbaji kule Italia

Wandugu wachimbaji, nanyi wamama na vijana wa nyumbani, leo tunawatoa kidogo kwa vumbi la shaba, tunawapeleka Italia. Hatuendi Roma, hatuendi Milano penye maduka makubwa. Tunakwenda mji mdogo ulio juu ya kilima, jina lake Massa Marittima, katika jimbo la Toscana, karibu mita 380 juu ya bahari.

Tulifika pale na viatu vya mbio ndani ya mfuko, juu ya kukimbia asubuhi, kama vile wengi wetu wanafanya hapa siku ya Mungu mbele ya misa. Tulifikiri tutaona mizeituni na kuta za mawe, basi. Kweli tuliviona. Lakini kitu kilichotushika moyo ni kingine: mji ule ni mji wa wachimbaji sawa na miji yetu, na migodi yake yote imekwisha kufungwa.

Vilima vya kule vinaitwa Colline Metallifere, ni kusema vilima vyenye madini. Watu walioitwa Etruski walichimba pale shaba, feza na chuma mbele Roma haijakuwa na nguvu. Wajukuu wao wakaendelea. Mgodi wa mwisho ulifungwa katika miaka ya 1990. Kwa hiyo kila njia unayokimbia pale, chini ya miguu yako kuna shimo la mtu fulani.

Njia ya kwanza: kuzunguka mji

Hii ni njia fupi, kilometa tatu hivi, lakini usiidharau. Tulianza mbele ya kanisa kubwa la San Cerbone. Lilijengwa kwa mawe meupe, juu ya ngazi ndefu, na uwanja wenyewe umekaa upande-upande kama sahani iliyoinamishwa. Asubuhi mapema hakuna magari, ni ndege tu na mutu mmoja anayefagia.

Kutoka pale unapanda barabara ya Moncini. Wandugu, mlima ni mlima! Njia imekuwa ngazi za mawe, magoti yanalia, mapafu yanatafuta hewa. Mmoja wetu, mtoto wa mchimbaji wa Kipushi, alisimama katikati akashika kiuno: «Banduku, mimi apana kufika huko yulu. Mwende, mutanikuta hapa.» Tukamvuta kwa mkono, akafika.

Juu kuna mnara wa Candeliere, wa mwaka 1228. Watu wa Siena walipouteka mji karibu mwaka 1335, walijenga ngome na daraja moja refu la mawe linaloshika mnara huo, ili watazame wenye mji kutoka juu. Leo ile daraja ya wakubwa ni mahali pa kupumzika. Ukisimama pale unaona mashamba, pori, na mbali kabisa bahari na kisiwa cha Elba, ambacho nacho kilikuwa cha wachimbaji wa chuma.

Ukishuka, pita kwenye kisima cha zamani cha mji, chenye matao matatu, kilichojengwa mwaka 1265. Mji uliotajirika kwa shaba na feza ulifikiri kwanza mayi ya kunywa ya watu wake. Hapo tulinyamaza kidogo. Kila mmoja aliwaza bomba la mtaa wake.

Sheria ya mashimo

Katika zile siku za utajiri, wenye mji waliandika sheria ya kuchimba shaba na feza. Ni moja ya sheria za madini za zamani zaidi katika Ulaya nzima, na maandiko yake yako hata leo. Sisi tunaosikia kila siku habari ya kodi ya madini na matata ya mipaka, ile sheria ilitushangaza.

Ilitenga vitu viwili: udongo wa juu ni wa mwenye shamba, lakini madini ya chini yana haki nyingine, na mchimbaji anaweza kuyatafuta akifuata kanuni. Watu walichimba kwa ushirika, kila mmoja na fungu lake, faida na hasara wakigawana. Shimo likiachwa bila kazi, mwenyewe anapoteza haki, mwingine analichukua. Na kulikuwa na wazee waliojua mlima, waliowekwa kutazama kazi na kukata maneno watu wakigombana.

Yote hiyo ni miaka zaidi ya 700 iliyopita. Njo maana tunasema: mabishano kati ya mwenye udongo, mwenye karatasi na mwenye nyundo hayakuanzia Kolwezi.

Njia ya pili: ziwa la Accesa

Hii ni ya wenye miguu. Kutoka mjini unashuka upande wa kusini karibu kilometa 10 mpaka ziwa dogo la Accesa. Kushuka ni raha: pori la mialoni, harufu ya majani yenye umande, udongo mwekundu pembeni ya njia. Kurudi ni kupanda, jua linakungoja. Wenye akili waliacha gari karibu na ziwa. Sisi hatukuwa na akili hiyo.

Kando ya ziwa kuna misingi ya nyumba za Etruski za karne ya sita mbele ya Kristo. Ni nyumba ndogo, zimepangwa kwa makundi, na makaburi karibu. Wachunguzi wanasema waliokaa pale walikuwa familia za kazi ya madini. Tuliona mahali pa vyumba, mahali pa mlango. Tukasema: kumbe hii ni kambi ya wafanyakazi, sawa zile tulizozaliwa ndani yake.

Watu wa kule wana hadisi juu ya ziwa. Zamani palikuwa shamba la ngano. Siku ya Mtakatifu Ana, tarehe 26 Julai, wakulima walikatazwa kazi, lakini kwa tamaa ya mavuno wakavuna hata hivyo. Udongo ukafunguka ukawameza wote, mayi yakajaa. Mtu wa mgodi hacheki akisikia hadisi ya namna hii. Anajua udongo unaweza kufunguka, na kwamba mara nyingi chanzo ni haraka ya kupata zaidi.

Njia ya tatu: Niccioleta

Upande wa kaskazini, kilometa saba au nane kwa barabara, kuna kijiji cha Niccioleta. Kilijengwa juu ya mgodi wa piriti, lile jiwe linalong'aa kama zahabu lakini si zahabu. Piriti ilitoa asidi, ndugu ya ile inayotumiwa kwetu kuyeyusha madini ya shaba. Mgodi ulifungwa mwaka 1992.

Tulikimbia polepole mpaka pale, kisha tukatembea kwa miguu. Katika mwezi wa Juni 1944, vita ikiwa karibu kumalizika kule, wachimbaji wa Niccioleta walipanga zamu za ulinzi, mchana na usiku, ili askari Wajerumani wakikimbia wasivunje mashine. Walilinda mkate wa watoto wao. Tarehe 13, Wajerumani na Wafashisti waliingia kijijini, wakakuta karatasi yenye majina ya walinzi. Sita waliuawa pale pale. Wengine 77 walipelekwa Castelnuovo di Val di Cecina, wakapigwa risasi kesho yake. Watu 83, kwa sababu ya mgodi ambao haukuwa mali yao.

Mwenzetu wa Kipushi alisoma hesabu hiyo mara mbili. Baba yake alitoka kazini kwa ile inayoitwa départ volontaire, baada ya maisha mazima ndani ya shimo. Hakusema kitu. Alikaa juu ya ukuta, akafungua viatu, akavifunga tena. Tulimwacha mpaka aliposimama mwenyewe.

Na si vita tu iliyoua. Mbali kidogo, Ribolla, tarehe 4 Mei 1954, gazi ililipuka ndani ya mgodi wa makaa, wachimbaji 43 wakafa. Miaka miwili nyuma yake, kule Marcinelle katika Ubelgiji, moto ulimaliza watu 262, na 136 kati yao walikuwa Waitalia waliokwenda kutafuta kazi.

Mambo ya kujua

Mwenye mtoto au ndugu Ulaya anaweza kumwambia hivi. Treni inafika Follonica, kwenye bahari. Kutoka pale unapanda basi mpaka Massa, kilometa 20 hivi. Wakati mzuri ni Aprili na Mei, ao Septemba na Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali, kimbia saa kumi na mbili ya asubuhi. Beba mayi, njia za pori hazina duka. Wakati wa baridi kuna wawindaji wa nguruwe wa pori: vaa nguo ya rangi kali, usiingie porini siku ya kuwinda. Na usiingie ndani ya shimo lo lote la zamani, hata likionekana zuri. Kwa kuona chini ya udongo, nenda makumbusho ya mgodi ya mji, yenye njia ya mita 700 hivi, penye vifaa na mbao za kushika paa kama zilivyokuwa.

Tangu 2010 vilima vile vyote vimeingia katika mtandao wa dunia wa geopaki, ambao leo uko chini ya UNESCO. Minara ya machimbo haikuuzwa yote kama vyuma vikuukuu. Mingine imesimama, na ubao unaeleza nani alifanya kazi pale. Watoto wa shule wanapita, wakimbiaji wanapita.

Tusidanganyane: mji ule haukurudia utajiri wa shaba, na vijana wengi wanatafuta kazi mahali pengine. Lakini majina ya wafu yameandikwa, njia zimesafishwa, na mgeni anajua amefika kwa wachimbaji.

Sisi tumerudi. Siku ya Mungu iliyopita tulikimbia tena pembeni ya ule mlima mweusi wa Lubumbashi, bomba refu likitutazama. Mwenzetu wa Kipushi alikuwa mbele, anaonyesha kwa mkono mahali baba yake alizoea kuteremkia kwa basi ya kazi. Hakuna ubao pale. Tulisimama hata hivyo, tukanywa mayi, kisha tukaendelea.