Haki ya Mtoto Haisuluhishwi Barazani

Wanafunzi wa fiqhi hufunzwa mapema kutofautisha baina ya haddi, adhabu ambayo kiwango chake kimekwisha kuwekwa, na taaziri, ambayo kadiri yake huachiwa hakimu. Suala linalokaribiana na hilo limezishughulisha mahakama za Kenya kwa miaka kadhaa, na jawabu lake linazigusa nyumba zetu.

Tarehe 14 Desemba 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria isimlazimishe jaji kumhukumu kifo kila aliyepatikana na hatia ya mauaji. Adhabu yenyewe haikufutwa. Kilichoondolewa ni ulazima wake. Jaji sasa hupima umri wa mkosaji, majuto yake, na madhara yaliyowafika waliodhulumiwa.

Mwaka 2022 Mahakama Kuu, huko Machakos na hapa Mombasa, ilikwenda mbali zaidi. Ilisema kwamba hata viwango vya chini vya kifungo katika Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 visimfunge hakimu mikono. Lakini tarehe 12 Julai 2024 Mahakama ya Juu iliufunga mlango huo, ikarejesha kifungo cha miaka 20 ambacho Mahakama ya Rufani ilikuwa imekipunguza hadi 15. Basi viwango vya Bunge vimesimama: aliyemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hafungwi chini ya miaka 20, wa miaka 16 hadi 18, si chini ya miaka 15.

Enyi wazazi, hapa pana mafunzo matatu. Kwanza, hifadhini cheti cha kuzaliwa, kwani umri wa mtoto ndio unaoamua miaka ya kifungo. Pili, sheria ya mwaka 2014 ya kuwalinda waathiriwa imewapa haki ya kusikizwa kabla ya adhabu kutolewa, msiiache. Tatu, msiyamalize mambo haya barazani kwa fidia wala kwa ndoa ya kufunika aibu. Hata kadhi, kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba, husikiza mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, jinai haimo.

Sitara ni jambo jema, lakini kumsitiri dhalimu ni kumdhulumu mtoto mara ya pili. Haki hiyo ni yake, si ya mzazi kuisamehe.

Wallahu aalam.