Plagi Imeingia, Lakini Je, Inafaa?

Likizo iliyopita nilikuwa Kasanda. Bodaboda iliyonibeba ikazima katikati ya mlima, tukaisukuma mpaka kwa fundi. Fundi akafungua plagi, akatia mkono kwenye kopo la maziwa lililojaa plagi mchanganyiko, akachomoa moja na kuizungusha kwa vidole. "Hii inaingia, mdogo wangu," akaniambia. Kweli, pikipiki ikawaka. Lakini mlima uliofuata injini ikaanza kugonga na kukosa nguvu. Tulipoifungua tena, ncha ya plagi ilikuwa nyeupe kama chokaa. Namba yake ilikuwa 8, sawa na ile ya zamani. Kampuni tu ndiyo ilikuwa tofauti.

Sasa msomaji, tatizo lilikuwa wapi? Namba si ilikuwa ileile?

Tuanze na kazi ya plagi. Ni kurusha cheche inayowasha mchanganyiko wa hewa na petroli ndani ya silinda. Injini ya pikipiki zetu ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, mchanganyiko huo unawashwa mara 50 kila sekunde. Ili plagi iimudu kazi hiyo, lazima ilingane na injini kwa mambo matatu.

La kwanza ni unene wa sehemu yenye nyuzi. Chukua plagi ya NGK iliyoandikwa D8EA, inayotumika kwenye injini nyingi za muundo wa Honda CG125. Herufi D maana yake ni milimita 12. Ingekuwa C ni milimita 10, na B ni 14. Hili halimsumbui fundi, maana isipolingana haiingii.

La pili ni urefu wa sehemu hiyo. E ni milimita 19, na H ni 12.7. Hapa ndipo mtego ulipo, kwa sababu plagi fupi inaingia vizuri kabisa, ila cheche inajificha ndani ya tundu na nyuzi zilizobaki wazi zinajaa masizi. Ndefu kupita kiasi inaweza kugongwa na pistoni.

La tatu ni joto, na ndilo lililotukwamisha mlimani. Ncha ya plagi inatakiwa iwe na joto la kati ya nyuzijoto 450 na 850 hivi. Chini ya hapo masizi hayaungui, yanagandamana. Juu ya hapo ncha inakuwa kama kaa la moto: inawasha petroli kabla ya cheche, na mwishowe pistoni inaweza kutoboka. Plagi "ya moto" ina kauri ndefu ndani, hivyo joto linachelewa kutoka. Plagi "ya baridi" ina kauri fupi.

Sasa angalia vituko. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Kwa hiyo 8 ya huku si 8 ya kule. Ukibadili kampuni, tumia jedwali la ulinganisho, usikariri namba.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Nyanda za Kasulu na Kibondo ziko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mita 1,300, kanieneo ya hewa ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban asilimia 15. Kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam ikiletwa huku itatoa petroli nyingi kuliko hewa, na plagi itakuwa nyeusi. Weusi huo usikudanganye ukakimbilia plagi ya moto zaidi. Safisha kwanza chujio la hewa, maana vumbi letu unalijua, kisha rekebisha kabureta.

Na lile kopo je? Wanaorusha roketi ndogo za mfano wanatumia vizibo vya plastiki kushikilia kiwashio kwenye tundu la injini, na vizibo hivyo vina rangi tofauti kulingana na tundu. Sisi plagi zetu zote zina rangi moja, basi tuzipange wenyewe. Trei ya mayai inatosha: kila safu unene wake na urefu wake, andika kampuni na namba kwa kalamu ya wino mzito. Zilizochakaa zisirudi kwenye trei.

Bodaboda huku inabeba maharage, wanafunzi, hata mama mjamzito anayewahi kituo cha afya usiku. Siku nyingine fundi akikuambia "inaingia", muulize kwa heshima: "Kaka, urefu na joto vinalingana?" Swali hilo halikugharimu kitu. Pistoni inagharimu.