Kukagua Vifaa vya Stima Kazini ni Jukumu la Mwajiri

Ukitoka kituo cha mpaka hapa Isebania ukielekea upande wa Migori, huendi mbali kabla ya kusikia mashine ya stima: grainda ya fundi wa mageti, mashine ya kusaga mahindi, kikaushio cha nywele katika saluni. Mara nyingi anayeiendesha si mwenyewe. Ni kibarua aliyeikuta pale siku yake ya kwanza, akaambiwa awashe.

Ni nani basi anayepaswa kuhakikisha kwamba mashine hiyo haimrushi? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaja mwenye kukalia mahali pa kazi, na mwajiri ni mmoja wao. Kifungu cha 6 kinamtaka aweke na atunze mitambo iliyo salama, apime hatari zilizopo, na awape wafanyakazi maelezo na mafunzo. Sheria hii inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, iwe kwa muda au kwa kudumu. Kibanda cha kinyozi kimo.

Wafanyabiashara wengi hujitetea kwamba jengo ni la kupanga na mita ni ya landilodi. Utetezi huo hautoshi, kwa sababu sheria humtazama anayekalia mahali hapo, awe mwenye jengo au la. Ikiwa nyaya za ukutani ni mbovu, mdai landilodi azirekebishe, lakini usimweke mfanyakazi hapo wakati mnavutana.

Kasoro nyingi huonekana kwa macho, na kuzitafuta hakugharimu kitu. Chomoa kifaa kwanza. Je, plagi imepasuka au ina alama ya kuungua? Waya umefungwa kwa selotepu? Je, mtu amechomeka nyaya tupu kwenye soketi na kuzishikilia kwa kijiti cha kiberiti? Fungua plagi uone kama mahali pa fyuzi pamewekwa msumari au kipande cha waya. Kifaa kinachoburutwa sakafuni kila siku kiangaliwe kila asubuhi. Friji isiyosogezwa inaweza kusubiri zaidi.

Lakini macho hayaoni kila kitu. Mashine yenye mwili wa chuma inapaswa kuwa na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano. Ukikatika ndani, mashine itaendelea kusaga kama kawaida, mpaka siku waya wenye moto utakapogusa chuma. Kwa hiyo fundi hupima kwa mita kama njia ya kwenda ardhini imekamilika na kama stima inavuja. (Baadhi ya grainda na drili zina nyaya mbili tu na alama ya mraba ndani ya mraba. Hizo zimetengenezwa kutotumia waya wa ardhi, msizitupe.)

Wengine husema fyuzi ipo, itakata. Fyuzi ya ampia 13 hupitisha takriban wati 3,000 kwa volti 240 bila kukatika, ilhali sehemu ndogo sana ya mkondo huo inatosha kuua mtu. Kazi ya fyuzi ni kuzuia waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni kifaa kinachokata stima chenyewe mkondo unapovuja, kwa kawaida kwa miliampia 30. Kiwekwe kwenye bodi ya stima, na kitufe chake chenye herufi T kibonyezwe mara kwa mara. Kisipokata, kibadilishwe.

Kazi ya kupima na kurekebisha nyaya mpe fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka inayosimamia kawi nchini, na uombe kuiona leseni yenyewe. Andika tarehe, kifaa na alichokikuta. Zaidi ya hayo, kifungu cha 11 kinataka mahali pa kazi pafanyiwe ukaguzi kamili wa usalama na mshauri anayetambulika, angalau mara moja kila miezi 12. Kibali cha biashara cha kaunti si mbadala wa ukaguzi huo. Usalama kazini unasimamiwa na serikali ya kitaifa kupitia Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini.

Mfanyakazi naye anatakiwa kumwarifu msimamizi wake anapoona hatari, na mwajiri haruhusiwi kumwadhibu kwa kulalamika.

Ajali ikitokea, zima stima kwenye swichi kuu kabla ya kumgusa aliyeshikwa. Akifariki, afisa wa usalama kazini wa eneo aarifiwe ndani ya saa 24, na taarifa ya maandishi ifuate ndani ya siku 7. Aliyeumia bila kufariki pia huandikiwa taarifa ndani ya siku 7. Madai ya fidia chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali.