Tugawanye Kwanza: Gharama ya Kuongeza Askari Polisi



Wanasiasa wakiahidi kuongeza askari polisi, watu hupiga makofi. Sisi wa chama tuulize kwanza: ni fedha kiasi gani, na zitatoka wapi? Tutazame mfano wa Uingereza.

Mwaka 2017, wakati wa kampeni za uchaguzi, chama cha Labour kiliahidi askari 10,000 zaidi. Tarehe 2 Mei, Diane Abbott, msemaji wa chama hicho kwa mambo ya ndani, aliulizwa gharama yake redioni. Kwanza alisema pauni 300,000, kisha akasema milioni 80. Hesabu ya chama chake ilikuwa karibu milioni 300 kwa mwaka, askari wote wakishaajiriwa. Watu walimcheka. Baadaye alieleza kuwa siku zile kisukari kilikuwa kikimsumbua. Basi sisi tusicheke, tufanye hesabu.

Pauni 300,000 kwa askari 10,000 ni pauni 30 kwa kila mmoja kwa mwaka mzima. Milioni 80 ni pauni 8,000 kwa kila mmoja. Kima cha chini mwaka ule, kwa mtu wa miaka 25 na zaidi, kilikuwa pauni 7.50 kwa saa. Afanyaye saa 40 kwa wiki alipata zaidi ya 15,000 kwa mwaka. Kwa hiyo askari angelipwa karibu nusu ya kima cha chini! Milioni 300 ni pauni 30,000 kwa kila mmoja. Hapo hesabu yaanza kusimama.

Tena mshahara si mwisho. Mwajiri huchangia pensheni: mwaka ule zaidi ya pauni 20 juu ya kila pauni 100 za mshahara. Kuna bima ya taifa, mafunzo, sare, redio na magari. Na gharama hii hurudi kila mwaka.

Fedha zisipotosha, mtu mwingine hulipa. Huko Uingereza na Wales, kuanzia 2010, serikali ilibana matumizi. Askari wapatao 20,000 walipungua, pamoja na makarani, wapokea simu na watumishi wengine wa kiraia wa polisi. Mwaka 2019 serikali iliahidi kuwarudisha askari 20,000, na mwaka 2023 ikatangaza kuwa lengo limepitwa. Lakini kazi ya karani haikuondoka na karani. UNISON, chama cha watumishi hao, kililalamika kwamba askari waliwekwa kufanya kazi za ofisini. Hapo umma hulipa gharama ya askari na kupata karani.

Hatupingi ajira mpya. Askari naye ni mtu wa mshahara. Ila siku mwajiri yeyote akituletea mezani idadi ya watu na jumla ya fedha, tushike kalamu tugawanye. Jibu likiwa dogo mno, tumwulize palepale: ni nani atakayepunguzwa ili huyu alipwe?