Uboreshaji wa huduma ya vidonda katika makazi ya wazee

Uboreshaji wa huduma ya vidonda katika makazi ya wazee ni utaratibu wa kupima, kurekebisha na kupima tena namna watunzaji wanavyozuia na kutibu vidonda vya wakazi.

Kidonda kinachohusika zaidi ni kile cha mgandamizo. Mtu akilala au kuketi muda mrefu bila kugeuka, mishipa ya damu hubanwa kati ya mfupa na godoro, na nyama iliyokosa damu hufa. Hutokea hasa mwisho wa mgongo, nyongani na visiginoni. Kikiachwa kinaweza kufika mfupani, na maambukizi yakiingia katika damu huweza kuua.

Nchini Tanzania

Kati ya makazi ya wazee wasiojiweza yako Hombolo (Dodoma), Sukamahela (Singida) na Magugu (Manyara). Hombolo na Sukamahela yamepokea pia watu waliougua ukoma. Ugonjwa huo huharibu neva, hivyo hata aliyepona huweza kuumia mguu bila kuhisi. Nyayo zake hukaguliwa kila siku. Wilayani Kondoa, kama kwingineko nchini, wazee wengi hutunzwa nyumbani, na hatua zifuatazo hufaa huko pia.

Hatua

1. Kutambua walio hatarini. Mwaka 1962 muuguzi Mwingereza Doreen Norton alitoa kipimo cha mambo matano: hali ya mwili, hali ya akili, kutembea, kujigeuza na kuzuia haja. Alama ya juu ni 20. Mwenye 14 au pungufu yuko hatarini.
2. Kukagua ngozi. Wekundu wa mwanzo hauonekani vizuri kwenye ngozi nyeusi, kwa hiyo mtunzaji hugusa akitafuta joto, ugumu au maumivu.
3. Kuzuia. Mzee asiyejiweza hugeuzwa takriban kila saa mbili, visigino huinuliwa kwa mto, shuka hubaki kavu, na chakula huwa na protini, kwa mfano maharage, mayai au maziwa.
4. Kuhesabu. Vidonda vipya huandikwa kila mwezi, mbali na vile ambavyo mzee alifika navyo. Makazi ya wazee 40 yenye vidonda vipya kwa wazee 6 yana asilimia 15.

Mwanzoni idadi huweza kupanda kwa sababu vidonda vilivyofichika chini ya shuka sasa vinaandikwa. Daftari likitumiwa kuadhibu watumishi, vidonda hufichwa tena na mzee hukosa tiba.