Wosia na Kikao cha Ukoo (Sehemu ya Pili)

Mzee wa Kasulu au Kibondo mwenye mibuni na migomba atakuonyesha mipaka ya shamba lake mti kwa mti. Muulize nani atakabidhiwa, uone atakavyobadili mazungumzo. Kutaja mirathi ni kujichuria. Watoto nao hunyamaza, wasije wakaonekana wanamwombea kifo.

Ajabu ni kwamba sheria za kimila zenyewe hazipendi usiri huo. Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963, lililoandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba, kama walivyo Waha wa Kasulu na Kibondo, linataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili wa nje. Anayejua kusoma na kuandika, akiuandika, mashahidi wawili wanamtosha, mmoja wa kila upande. Mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Baba akitaka kumnyima mwana urithi, shurti aseme hivyo waziwazi, na mwana apewe nafasi ya kujitetea mbele yake au mbele ya baraza la ukoo. Karatasi iliyofichwa chini ya godoro itayatimizaje hayo?

Kizito zaidi ni suala la binti. Tangazo hilohilo linamweka daraja la tatu, nyuma ya kaka zake. Mjane linamwachia watoto wamtunze. Lakini katika mkoa jirani wa Kagera, mwanamke mmoja alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake, akaiuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akapinga. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikabatilisha mila zinazomnyima mwanamke ardhi. Na Buha, nchi ya Waha, tusisahau, iliwahi kumwona mwanamke, Mwami (mtemi) Theresa Ntare, akiutawala utemi wa Heru. Iweje binti ashindwe kumiliki ekari mbili za kahawa?

Basi mzee aitishe kikao cha ukoo, nacho kianzie kwenye madeni, maana hayo ndiyo hufichwa zaidi: pembejeo za mkopo, mahari isiyomalizika, ng'ombe waliowekwa kwa rafiki. Kisha mashamba, moja moja, na jina lililo kwenye hati ya kimila. Muislamu akumbuke kwamba wosia wake hauvuki theluthi ya mali. Wosia ukishaandikwa kwa wino na kusainiwa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huuhifadhi.

Juma lijalo: msimamizi wa mirathi mbele ya mahakama ya mwanzo.