Safisha Dohani Kwanza, Bomba Jipya Baadaye

Mwezi huu tunazungumzia dohani, yaani njia ya kutolea moshi kutoka mekoni hadi juu ya paa. Hapa Kaliua zipo nyumba zenye dohani ya matofali na udongo. Baada ya miaka kadhaa udongo hupasuka na moshi huvuja ndani. Hapo mwenye nyumba humwita fundi bati amtengenezee bomba la kupitisha ndani ya dohani ile ile. Ni jambo jema, ila bomba lisiingizwe kabla masizi ya zamani hayajaondolewa.

Moshi si adui mdogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wa chini ya miaka 5. Watoto hupata nimonia. Bibi zetu huwa na macho mekundu, na katika mikoa yetu ya magharibi na ya Ziwa wapo vikongwe waliouawa wakiitwa wachawi kwa sababu ya macho hayo, kumbe ni moshi wa jikoni.

Kwa nini tusafishe kwanza? Moshi wa kuni, hasa kuni mbichi, unapopoa huacha masizi na utomvu mweusi unaonata kama lami. Vyote viwili huwaka. Bomba likipata moto sana, masizi yaliyobanwa kati yake na matofali yanaweza kushika moto mahali usipoweza kufika kwa maji, na paa likafuata.

Tena, masizi na viota vya ndege huziba njia. Moshi hurudi ndani pamoja na hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, kisha huzimia. Watu wa nyumba moja wakiumwa hivyo kwa pamoja wakati moto unawaka, wasitafute aliyewaroga. Watoke nje haraka, kisha waende hospitali.

Fanya hivi:

1. Zima moto na uache dohani ipoe siku nzima.

2. Toa vyombo vyote, watoto wakae mbali. Ziba mdomo wa meko kwa gunia lililoloweshwa.

3. Chungulia. Ukikuta nyuki, usiwachokoze. Mwite mrina asali.

4. Vaa kofia, shati la mikono mirefu, na kitambaa puani na mdomoni.

5. Kwangua kutoka juu kwenda chini kwa brashi ngumu iliyofungwa kwenye mti mrefu. Ngazi iwe imara na mtu mwingine aishike.

6. Nyunyizia maji masizi yaliyoanguka ndipo uyazoe, vumbi lisiruke. Yafukie mbali na kisima.

7. Chungulia tena kwa tochi. Ukiona matofali yenyewe, ziba nyufa, ziache zikauke, ndipo bomba liingie.

Ukimaliza, oga kwa sabuni siku hiyo hiyo na ufue nguo. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott wa London alieleza kuwa wasafisha dohani walipata saratani ya ngozi ya sehemu za siri kutokana na masizi yaliyowaganda. Kwa hiyo kazi hii asipewe mtoto.

Mwisho, washa moto mdogo, milango ikiwa wazi. Moshi wote utoke juu ya paa. Ukiona unavuja ndani, zima na umwite fundi tena. Baada ya hapo tumia kuni kavu, na bomba lenyewe lisafishwe kila mwaka kabla mvua hazijaanza.